Samaki wa Mapambo ni Mifugo Pia

Mkulima mwenzangu, ng'ombe mwenye kiu atakulilia, lakini samaki hana sauti. Ukitaka kufuga samaki wadogo wa mapambo katika sanduku la kioo, yajue mahitaji yao kabla hujanunua hata mmoja.

Kwanza ni joto. Gapi, samaki mdogo mwenye mkia wa rangi, asili yake ni Amerika ya Kusini. Hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Sentigredi. Hapa Karen, karibu na vilima vya Ngong, usiku wa Julai maji hupoa mno, na huko Kinangop baridi ni kali zaidi. Basi tafuta hita ya umeme na kipimajoto.

Pili ni usafi. Maji ya bomba yenye klorini yaache katika ndoo wazi siku moja au mbili. Anza na samaki wawili au watatu tu, kwa sababu mavi yao hutoa sumu ya amonia. Baada ya wiki nne hadi sita vijidudu vyema huwa vimeongezeka mchangani, navyo huigeuza sumu hiyo. Kila wiki toa robo ya maji, utie mengine yenye joto lile lile. Lisha chakula kidogo, kiasi cha kumalizika kwa dakika mbili, kinachobaki huoza.

Tatu ni uzazi. Gapi huzaa watoto hai kila baada ya wiki nne hivi. Usipoweka majani ya majini ili wajifiche, mama yao atawala. Watenge madume na majike mapema, maana jike huhifadhi mbegu na kuzaa tena bila dume.

Wakizidi je? Mpe jirani au wauze. Usiwamwage kamwe mtoni Mbagathi wala katika bwawa la skimu. Ziwa Naivasha lilikuwa na samaki wake mdogo wa asili. Miaka ya 1920 watu walitia humo samaki mla wenzake kutoka Marekani, kwa mchezo wa kuvua. Yule mdogo alionekana ziwani mara ya mwisho mwaka 1962.

Ng'ombe akitoroka utamfuata kwa nyayo. Samaki mgeni akishaingia mtoni, harudi zizini.