Sambaza ikisha kumezwa inakwenda wapi?

Wamama wapendwa, kila mara tunarudilia neno hili: mtoto asishibe bugali peke yake, atiliwe maharagi ao sambaza. Lakini ndani ya tumbo mambo yanapita namna gani?

Protini ni kama mkufu wa shanga. Mwili hauwezi kuupitisha mzima, lazima uukate kwanza. Tumboni mna maji makali yanayolegeza chakula, na kimeng'enya kiitwacho pepsini kinaanza kukata. Chakula kikishuka katika utumbo mwembamba, kongosho inaleta vimeng'enya vingine, kati yao tripsini. Hapo shanga zinaachana. Shanga hizo, ndizo asidi amino, zinapita ukuta wa utumbo, zinaingia katika damu, zinafika kwanza kwenye ini. Halafu mwili unazitumia kujenga misuli, ngozi, nywele na kinga ya magonjwa.

Sasa soja, maana hapa ndipo wengi tunapoteza faida. Soja mbichi ina kitu kinachoifunga tripsini isifanye kazi. Mtoto anakunywa uji wake, lakini protini nyingi inapita bure, na pengine tumbo linamuuma. Moto ndio unaoharibu kitu hicho. Kuanika juani na kusaga hakutoshi: kaanga soja mpaka rangi igeuke na harufu yake nzuri itoke, ndipo usage, na uji wenyewe uchemke vizuri. Maharagi vilevile, yasiliwe yangali magumu.

Mwili hauna gala ya kuweka protini. Ukichinja mbuzi siku ya yenga, kinachozidi hakingojei siku ya tano. Ini linakivunja na uchafu wake unatoka kwa mkojo. Kwa hiyo kijiko cha sambaza zilizotwangwa kila siku kinamfaa mtoto kuliko sahani ya nyama mara moja kwa juma. Tusidharau bugali wala mafuta, kwani mtoto asiye na chakula cha nguvu anachoma hata protini kama makala. Ila gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu 1 ao 2 tu, na maharagi makavu ya uzito ule yanapita gramu 20.

Bwaki tunaijua: miguu inavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki, nywele zinakuwa nyekundu, mtoto anakataa kula. Huyo apelekwe kwenye kituo cha afya siku ileile. Wengine wanashangaa kuona anapewa kwanza maziwa ya F-75, yenye protini kidogo. Ni makusudi: ini na utumbo vimechoka, haviwezi mzigo mkubwa. Basi ukienda kumtembelea, usimfichie yai kwenye kitenge. Siku yake itafika, na muuguzi ndiye atakayekuambia.