Sokoine, Waziri Mkuu wa Vita vya Kagera

Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli tarehe 1 Agosti 1938. Alijiunga na chama cha TANU mwaka 1961, na miaka minne baadaye akaingia bungeni kuwawakilisha Wamasai. Mwaka 1972 alikabidhiwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, akakaa huko hadi Februari 1977 alipoteuliwa kuwa Waziri Mkuu. Vita vilipozuka, basi, jeshi halikuwa jambo geni kwake.

Vilianzia Kagera, enzi hizo Mkoa wa Ziwa Magharibi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa nduli Idi Amin, Rais wa Uganda, walivuka mpaka, wakaitwaa ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini mwa mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800. Walipora ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, kisha wakalipua daraja la Kyaka. Kwa wakazi wa Kashai na mitaa mingine ya mji wa Bukoba, adui alikuwa umbali wa kilomita zisizozidi 60.

Rais, Mwalimu Nyerere, alitangaza vita. Wizara ya Ulinzi ilikuwa chini ya Rashidi Kawawa, na majeshi chini ya Jenerali Abdallah Twalipo. Sokoine yeye aliiagiza mikoa yote itoe ilichonacho, cha kijeshi na cha kiraia. Jeshi lisilofikia watu 40,000 likavuka 150,000 kwa majuma machache, wakiwemo mgambo, polisi na askari magereza. Kuwasafirisha na kuwalisha watu hao hadi pembe ya mwisho ya nchi ni kazi isiyoimbiwa nyimbo, lakini bila hiyo Kampala, mji mkuu wa Uganda, isingeanguka tarehe 11 Aprili 1979. Askari waliopoteza maisha wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba.

Vita viligharimu takriban dola milioni 500. Nyerere aliomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Ilipopita, sabuni na sukari bado hazikuonekana madukani. Sokoine, aliyejiuzulu mwaka 1980, alirudishwa Februari 1983 na kuanzisha msako wa walanguzi. Wanyonge walimshangilia. Hata hivyo, msako huo uliwanasa pia wafanyabiashara wadogo, na haukuweza kuzalisha bidhaa ambazo viwanda havikuwa nazo.

Alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma, akiwa na umri wa miaka 45. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kinaitwa kwa jina lake.