Merikebu ya Mirihi na Kupe wa Handeni

Mwaka 1898 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu The War of the Worlds, ambamo viumbe wa sayari ya Mirihi wanaivamia dunia. Chombo chao hakifanani na sahani zenye taa ambazo sinema zimewazoesha watu. Ni bomba kubwa la madini, lenye upana wa meta 27 hivi, lililofyatuliwa kwa mzinga na kujichimbia mchangani karibu na mji wa Woking, Uingereza.

Hapo hadithi ni dhaifu. Ili kuiacha Mirihi, chombo huhitaji mwendo wa kilometa 5 hivi kwa sekunde. Abiria anayeupata mwendo huo kwa mpigo mmoja wa mzinga hupondwa papo hapo. Roketi huuongeza kidogo kidogo.

Nguvu ya hadithi imo katika mwisho wake. Silaha za binadamu zinashindwa, kisha wavamizi wanauawa na bakteria, kwa kuwa kwao hapakuwa na vijidudu na miili yao haikuwa na kinga.

Mfugaji wa Handeni hahitaji kwenda Mirihi ili kulielewa jambo hilo. Ng'ombe aliyekulia mahali pasipo kupe, akihamishiwa penye kupe wengi, huweza kuuawa na ndigana kali kwa muda wa majuma machache tu. Ndama wa hapo, aliyeambukizwa angali mdogo akapona, hubaki na kinga. Mwanahistoria James Giblin, aliyeichunguza Handeni ya miaka ya 1840 hadi 1940, ameeleza jinsi wakulima walivyopunguza vichaka kwa kulima na kuchoma moto, hivyo wakawaweka mbali mbung'o, huku mifugo yao ikizoeana na kupe kwa kiasi. Watu na ng'ombe walipopungua kwa njaa na maradhi, vichaka vilirudi, na mbung'o pia. Kinga ile ilitegemea jembe kama ilivyotegemea damu.

Kwa binadamu bei ya kinga ni kubwa zaidi. Mtoto huipata kinga ya malaria polepole, kwa kuugua mara kwa mara, na wengine hufa kabla ya kuipata. Chanjo hukusudia kuiondoa bei hiyo. Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyoijaribu chanjo ya RTS,S kuanzia mwaka 2009 kwa watoto 15,459. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021.

Hata hivyo, vimelea huchagua. Kimelea wa ndigana kali huishi ndani ya nyati bila kumdhuru. Virusi vya sotoka havikumuugua binadamu. Huenda basi mgeni wa Mirihi angelala Korogwe bila chandarua na asipate malaria, kwa kukosa chembe za damu anazozihitaji kimelea huyo. Bakteria wa uozo ndio wangemtisha, iwapo nyama yake ingefanana na ya viumbe wa huku.

Sotoka yenyewe ilikuwa uvamizi wa kweli. Inaaminika kuwa iliingia Pembe ya Afrika katika miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioshushwa melini, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1890 ilikuwa imeteketeza mifugo ya Afrika Mashariki. Ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, kwa msaada mkubwa wa chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya.