Garrard 301: Nilivyonunua mashine ya santuri ya zamani na kuifufua



Kuna watu wananiona kichaa. Nimetoa paundi 900 hapa Uingereza kununua mashine ya santuri isiyo na mkono, isiyo na boksi, isiyo na sindano, na mzee aliyeniuzia hata hakuwa na uhakika kama bado inazunguka. Ilikuwa imekaa bandani miaka mingi, imefunikwa gunia. Ngoja niwaeleze kwa nini, na nilichofanya baada ya hapo, maana najua humu kuna vijana ambao nyumbani kwao kuna santuri zimekaa juu ya kabati zinakula vumbi.

Kwanza sababu. Bibi yangu wa Tanga aliacha santuri 14, nyingi ni zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Hizo ndizo zilizobeba muziki wetu wa mwanzo. Siti binti Saad na wenzake walipoenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, santuri zilizotoka ni za 78. Mwenda Jean Bosco aliporekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville (leo inaitwa Likasi, Kongo), hadithi ni hiyo hiyo. Halafu hizi si plastiki bwana. Ni shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ukidondosha moja imevunjika kama sahani ya udongo, na hakuna duka utakalokwenda kununua nyingine.

Sasa mashine nyingi za kisasa hazina 78. Hata ile Technics SL-1200 Mk2 ya madijei, iliyotoka 1979, ina 33 na 45 tu. Vile visanduku vya bei rahisi vinavyouzwa siku hizi vinayo 78, lakini mara nyingi sindano ni moja kwa kila kitu na mkono wake unakandamiza kama jembe. Santuri ya bibi siiweki humo hata kwa dawa.

Garrard 301 ilitengenezwa mji wa Swindon, magharibi mwa London, kuanzia 1954 hadi 1965. Ina spidi tatu: 33, 45 na 78. BBC walizitumia studio, na studio haicheki na mashine mbovu. Haiendeshwi kwa mkanda. Mota ina puli yenye ngazi tatu, halafu katikati kuna gurudumu la mpira linalogusa puli upande mmoja na ukingo wa ndani wa sinia upande mwingine (sinia naita ile sehemu inayobeba santuri). Ukigeuza kitasa cha spidi, gurudumu linapanda au kushuka ngazi. Sinia peke yake ni karibu kilo 3 za alumini. Ikishazunguka inakwenda tu, sindano haiwezi kuipunguza mwendo.

Ubaya wa mtindo huu ni kwamba kila kasoro ya mota au ya mpira inapanda moja kwa moja mpaka kwenye sindano, unasikia muungurumo kwenye spika kama lori linapita nje. Ndiyo maana watu wengi walizitupa. Nami nawaambia, muungurumo huo kwa sehemu kubwa ni uchafu, mpira mkavu na grisi iliyoganda. Vyote vinatibika!

Kwenye kununua, usiangalie rangi wala kung'aa. Mpira, oili, springi na waya vinabadilishwa. Visivyobadilishwa kirahisi ni chuma chenyewe. Mimi nilitoa sinia nikaangalia bodi kama ina ufa, hasa pembeni ya matundu ya skrubu. Nikarudisha sinia na kuizungusha kwa mkono, macho yakiwa usawa wa ukingo, kuona kama inayumba. Ikiyumba basi shafti imepinda au sinia ilidondoshwa, ondoka zako. Nikaitikisa shafti kwenye beringi, ikicheza kushoto na kulia hapo pana kazi. Na ukinunua kwa posta, mwambie muuzaji atoe sinia aifunge peke yake. Wakiituma ikiwa juu ya shafti, kilo tatu zile zinagonga beringi njia nzima.

Kitu kingine ambacho wabongo wengi hawakiangalii ni umeme. Mota hii inafuata Hezi za umeme, si volti tu. Uingereza, Tanzania na Kenya wote ni Hezi 50, kwa hiyo yangu naweza kuifungasha kesho ikapige Tanga vilevile. Lakini mashine iliyokuwa Marekani ina puli ya Hezi 60. Hata ukipata transfoma ya kubadili volti, ukiichomeka kwetu itapungua moja ya sita: 78 inakuwa 65, na Siti anaimba kama mwanaume mwenye usingizi. Inabidi ubadili puli.

Haya, kuifufua. Kabla ya kuchomeka popote, nilianza na kapasita ndogo iliyo kwenye swichi, ile ya kuzuia cheche. Kapasita ya miaka sitini na zaidi inaweza kupasuka au kuvujisha umeme. Nimeweka mpya, aina maalumu ya kukaa kwenye umeme wa ukutani (imeandikwa X2), usiweke tu yoyote uliyoikuta kwenye redio mbovu. Kisha waya mpya wenye ethi iliyofungwa kwenye bodi. Mashine nzima ni chuma, waya ukigusa bodi bila ethi unakufa wewe. Kama hujawahi kushika umeme mpelekee fundi, hapo hakuna ujanja.

Mota nikaifungua. Bushi zake ni shaba nyeusi yenye vinyweleo vinavyonyonya oili, na zilikuwa kavu kabisa. Nikazilaza kwenye oili ya moto kiasi mpaka mapovu yakaisha. Oili iwe nyepesi safi, ile ya cherehani inafaa. Oili ya kupikia inageuka gundi, na dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu si oili, inakauka inakuacha pabaya kuliko mwanzo. Kabla, ukizima mota bila gurudumu, ilisimama baada ya sekunde 6. Sasa inakwenda 25.

Yangu ni toleo la kwanza, rangi ya kijivu, beringi yake ni ya grisi. Grisi ya zamani ilikuwa kama nta ya mshumaa. Niliikwangua kwa kijiti cha mbao (siyo bisibisi!), nikasafisha, nikajaza mpya. Zilizofuata baadaye zinatumia oili, usizichanganye.

Gurudumu la mpira ndilo lililonipa tabu. Lilikuwa limekauka na kung'aa, na sehemu moja imekuwa bapa. Kila likizunguka, dum... dum... dum. Watu watakuambia lisugue kwa msasa. Msasa unaondoa mng'ao, lakini bapa haliondoki na mpira uliokuwa jiwe haurudi kuwa mpira. Nimenunua jipya, kuna mafundi wanaolitengeneza mpaka leo. Ukingo wa ndani wa sinia niliufuta kwa spiriti, maana hata alama ya kidole yenye mafuta inalifanya liteleze.

Boksi liwe zito. Mimi nimegundisha mbao za plaiwudi, tabaka juu ya tabaka. Boksi jepesi linakuwa ngoma.

Kupima spidi ni rahisi na hakuna gharama. Chapisha duara lenye mistari, uliweke juu ya sinia chini ya taa ya neon. Kwenye umeme wa Hezi 50 taa inawaka na kuzima mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo mistari 180 ikionekana imesimama uko kwenye 33. Kwa 45 ni mistari 133, kwa 78 ni 77. Ikitambaa mbele au nyuma unarekebisha kwa kitasa kidogo, kinasogeza sumaku karibu na kisahani kilicho kwenye shafti ya mota.

Mwisho sindano, na hapa ndipo santuri zinapouliwa. Mfereji wa 78 ni mpana. Sindano yake ncha ina kama maikroni 75, ya LP ni 18 hivi. Ukipiga 78 kwa sindano ya LP inazama chini kabisa kwenye takataka, unasikia mchakacho tu na unakwangua. Nina katriji moja yenye sindano mbili za kubadilisha. Na jamani, ile spiriti ya kufutia sinia isikaribie santuri ya shelaki. Spiriti inayeyusha shelaki. Maji safi yenye tone la sabuni, kitambaa laini, lebo isilowe, basi.

Mpaka leo santuri 11 kati ya 14 za bibi zimeshapigwa na ziko kwenye kompyuta. Tatu zina ufa, nimeziacha zimelala. Mwenye santuri za 78 nyumbani aandike hapo chini zina lebo gani na zinatoka mji gani, tuanze kuzihesabu.