Kelele za Saa Nane Usiku Ndani ya Gari la Kulala

Mchana hakuna anayelalamikia friji ya gari. Injini inanguruma, barabara ya mawimbi inatikisa kila bolti, na kompresa haisikiki. Gari likishaegeshwa kambini Seronera au ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, injini ikazimwa na watu wakajilaza, ndipo mwenye gari anapogundua kwamba kichwa chake kiko hatua moja tu kutoka kwenye mtambo. Asubuhi anapiga simu gereji Arusha kusema friji imekufa. Mara nyingi friji ni nzima kabisa. Kilichoondoka ni makelele yaliyokuwa yakiificha.

Magari ya kulala yanayotengenezwa kwenye gereji zetu, iwe Land Cruiser iliyoinuliwa paa au HiAce iliyong'olewa viti, hubeba vifaa vilevile: betri ya pili, paneli za sola, friji, inveta, pampu ya maji. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na mlio wa ghafla usizidi 45. Nyumbani hilo linawezekana. Ndani ya gari, friji ikiwa chini ya kitanda na feni ya inveta nyuma ya kabati, desibeli 40 hupitwa kirahisi, na kila ongezeko la 10 sikio hulipokea kana kwamba sauti imekuwa maradufu. Tena mlio unaoanza na kukata huamsha watu kuliko unaoendelea kwa utulivu. Ndiyo maana mtu anaweza kulala fofofo karibu na feni ya dari lakini akaamshwa na pampu iliyotikisika sekunde moja.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni sponji. Wanaizungushia friji, wanaziba matundu ya kabati la inveta, kisha wanashangaa kelele imezidi. Sponji laini haizuii mngurumo wa chini, na kifaa kilichozibwa hewa hupata joto, kikipata joto feni yake huzunguka kwa kasi zaidi, na kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi. Mimi huanza upande mwingine. Kifaa kinacholia kinafanya kazi, na kazi hiyo inalipwa na betri. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: usiku huu, nani anafanya kazi ambayo hakutumwa?

Karibu kila mara jibu ni inveta. Betri za kamera na kompyuta za wageni zilishajaa saa nne usiku, lakini inveta imeachwa ikiwaka hadi alfajiri. Inveta ya ukubwa wa kati inaweza kula wati 10 hadi 20 bila kuhudumia chochote. Kwa saa nane hiyo ni wati-saa 80 hadi 160, na betri ya lithiamu ya 12.8 V yenye Ah 100 ina wati-saa 1,280 tu. Sehemu ya kumi ya betri imeishia kwenye joto na mvumo. Mvumo wenyewe hutoka kwenye transfoma: umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde hufanya chuma cha ndani yake kinyumbuke na kurudi mara 100 kwa sekunde, na sikio linaisikia kama nyuki wa mbali. Inveta za bei nafuu, zile ambazo wimbi lake ni la ngazi badala ya kuwa laini, huongeza kero kwa kuzifanya mota na chaja zilizounganishwa nazo zivume pia. Hapa hakuna ufundi wa kufanya. Funga swichi ya kuiwasha na kuizima karibu na kitanda, simu zichajiwe moja kwa moja kutoka kwenye soketi za USB zinazotumia umeme wa 12 V, na inveta ilale wakati watu wanalala.

Kuna kosa linalofanana na hilo ambalo hunikera zaidi, kwa sababu linafanywa na mafundi wenzangu. Friji za kubebeka karibu zote zina tundu la 12 V, lakini unakuta imechomekwa kwenye soketi ya 230 V ya inveta kwa kuwa waya wa ukutani ulikuwa karibu. Umeme unapandishwa, halafu friji inaushusha tena, na mitambo miwili inalia usiku kucha kwa kazi ya mmoja.

Tukija kwenye friji yenyewe, ndipo penye mambo mengi. Friji nyingi bora za gari hutumia kompresa ya aina ya BD35, iliyotengenezwa na Danfoss, ambayo kitengo chake cha kompresa kiliuzwa mwaka 2010 na sasa kinaitwa Secop. Kasi yake haijafungwa. Inaweza kuzunguka mara 2,000 hadi 3,500 kwa dakika, na kinachoamua ni rezista ndogo kwenye waya wa themostati: bila rezista ni 2,000, ukiweka ya omu 1,523 hivi inafika 3,500. Friji zenye kitufe cha kuchagua kati ya nguvu nyingi na matumizi madogo zinakupa udhibiti wa aina hiyo bila wewe kufungua kitu. Usiku chagua kasi ndogo. Itafanya kazi kwa muda mrefu zaidi kwa kila mzunguko, lakini mlio wake ni wa chini, hauna yale makelele ya kuanza kwa kishindo, na kwa kawaida hula umeme pungufu kwa baridi ileile.

Bora zaidi ni kuifanya isiwe na kazi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya wati-saa 93 za joto. Friji ya lita 40 yenye kuta nzuri, usiku wa joto, huingiwa na joto la wati 15 hadi 20 kwa makadirio. Piga hesabu ya saa nane: wati-saa 160 kwa wingi. Chupa mbili za maji za lita moja moja, zikigandishwa mchana kwenye sehemu ya kugandisha wakati sola ina nguvu hata ya kumwaga, zinabeba mzigo huo karibu wote. Jioni zihamishie upande wa chakula, panga themostati kwenye nyuzi 5 badala ya 2, na usifungue mfuniko kila dakika kutafuta soda. Kompresa itaamka mara chache sana. Hii ni mbinu rahisi kuliko zote na ndiyo isiyofanywa na watu, labda kwa sababu haiuzwi dukani.

Sasa ule mlio wa ajabu: friji inaanza, inavuma kidogo, inakata, kimya cha dakika moja, inaanza tena. Watu huilaumu kompresa. Kagua waya kwanza. Kifaa cha kielektroniki cha BD35 kwa mpangilio wa kiwandani hukata umeme ukishuka hadi 10.4 V na hukubali kuanza tena ukifika 11.7. Friji inayovuta ampea 5 kupitia waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 6 hupoteza karibu volti 0.7 njiani, kwenda na kurudi. Ongeza soketi ya kiberiti cha sigara iliyolegea, ongeza betri ya asidi iliyochoka ambayo saa nane usiku inasoma 11 na ushee ikiwa na mzigo, na kompresa inajikuta chini ya kikomo kila inapoanza. Ikizima, waya haubebi tena mzigo, volti zinapanda, inajaribu tena. Waya wa milimita mraba 6 kwa urefu huohuo hupoteza chini ya volti 0.2. Fundi aliyekwepa gharama ya waya mnene ndiye anayekuamsha, na upungufu wa volti wa namna hiyo kwenye nyaya za inveta ndio unaokifanya pia king'ora chake cha onyo kilie katikati ya usiku.

Inabaki njia ambayo sauti hupitia. Bodi ya gari ni bati jembamba lililowambwa kwenye fremu, na kompresa iliyofungwa juu yake kwa bolti inalipiga kama ngoma. Hapo sauti unayoisikia si ya friji, ni ya sakafu na ukuta. Kila fundi anajua kuweka mpira katikati, ila mpira gani? Kipande cha tairi kuukuu, ambacho ndicho kinachotumika sana, ni kigumu mno. Kompresa inayozunguka mara 2,000 kwa dakika inatikisika mara 33 kwa sekunde, na ili mpira uzuie mtikisiko huo lazima ubonyee angalau milimita 2 kwa uzito wa friji peke yake. Milimita 3 ni salama zaidi. Kipande cha tairi hakibonyei hata nusu ya hapo. Tafuta bushi laini za mpira zilizotengenezwa kwa uzito unaolingana na wa friji yako, nne, moja kila kona, na upime kwa rula kabla na baada ya kuiweka. Kisha usiharibu kazi kwa kupitisha bolti ndefu ya chuma kutoka friji hadi sakafuni katikati ya bushi, kwa sababu mtikisiko utapita kwenye chuma na mpira utabaki pambo.

Hapa barabara zetu zinaleta mgogoro. Friji inayoelea juu ya mpira laini haifai kuachwa huru kati ya lango la Naabi na Seronera. Itaruka na kuvunja kabati. Suluhisho ninalolipendelea ni mikanda miwili ya kukaza: safarini ikazwe hadi friji isicheze, kambini ilegezwe kiasi friji isimame kwa miguu yake yenyewe. Bati lililo karibu na friji libandikwe shiti nzito za lami. Si lazima kulifunika lote, sehemu za katikati zinazotikisika zaidi zinatosha.

Feni zina kanuni yake nzuri. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, upepo hupungua nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi. Kwa hiyo feni ya milimita 120 inayozunguka polepole hupoza kabati vizuri kama ya milimita 80 inayopiga yowe, na wewe hulali ukiisikia. Acha nafasi ya hewa kuingia chini na kutoka juu, na usiweke wavu wenye matundu madogo mbele yake.

Pampu ya maji haihitaji maelezo marefu: izime kabla ya kulala. Ikiamka yenyewe bila mtu kufungua bomba, kuna mahali panapovuja au vali yake ya kuzuia maji yasirudi imechoka.

Wapo wanaoniuliza kuhusu friji za gesi, zile zisizo na kompresa. Ni kweli hazina mlio. Zilibuniwa Stockholm na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, na Electrolux ikazichukua mwaka 1925. Lakini zinataka gari lisimame sawasawa, zinachoka kwenye joto la Pwani, na moto wake unahitaji njia ya hewa ya uhakika. Kwa kazi za huku siwashauri watu wazinunue. Hita za dizeli, ambazo wasafiri wanaotoka Ulaya huja nazo na ambazo ukingoni Ngorongoro kwenye mita 2,300 zinatamanisha, zina pampu ndogo ya mafuta inayogonga tik, tik, tik. Ining'inizwe kwenye mpira. Bomba la moshi la hita lisibanwe wala kuzibwa kwa ajili ya ukimya, maana moshi huo unaua.

Ukishindwa kujua mlio unatoka wapi, tumia bisibisi ndefu: ncha kwenye kifaa, mpini sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza injini. Kisha usiku, kila kitu kikiwa kimezimwa kwa swichi yake, anza kutoa fyuzi moja moja. Zikiisha zote na bado kuna anayepiga kelele juu ya mti, rudisha bisibisi kwenye boksi. Huyo ni perere, na hana fyuzi.