Jeni Nzima, Jirani Mbaya

Mtoto wa miaka sita anavimba taya. Meno yanalegea, jicho la upande ule linaanza kutokeza, na nyumbani wanadhani ni jino bovu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe huo, na leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake. Inatufunza jambo lisilosemwa vya kutosha: jeni inaweza kuleta saratani hata kama yenyewe haijaharibika.

Jeni hiyo ni MYC, iliyoko kwenye kromosomu ya 8. Sote tunayo, na bila hiyo tusingezaliwa. Huihimiza seli ikue na kugawanyika, kisha hutulizwa. Swichi zinazoiwasha na kuizima ni vipande vya DNA ambavyo vyenyewe havitengenezi protini.

Sasa, seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zina kazi ya hatari. Ili kingamwili ziwe kali zaidi, seli hizo hukata DNA yao wenyewe na kuiunga upya, zikitumia kimeng'enya kiitwacho AID. Mkato ukienda kombo, kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC huungwa kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni za kingamwili. Katika seli B, swichi za huko hazilali. MYC, hata ikiwa bado inatengeneza protini ileile ya siku zote, inawashwa usiku na mchana.

Malaria ya mara kwa mara huzichokoza seli B, na AID hufanya kazi kupita kiasi. Virusi vya Epstein-Barr navyo huzisaidia seli zilizoharibika zisife. Ndiyo maana ugonjwa huu umeshamiri Uganda, magharibi mwa Kenya na Kanda ya Ziwa nchini Tanzania.

Hata hivyo, kuhama kwa MYC peke yake hakutoshi, kwani seli iliyochochewa hivyo kwa kawaida hujiua. Hapo ndipo huingia mabadiliko ya jeni tuliyoyazoea kuyasikia: kwa baadhi ya wagonjwa, TP53, jeni inayoamuru seli mbovu ife, imeharibika. Breki ikishakatika, uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo taya lililovimba halifai kusubiri wiki ijayo. Kasi hiyohiyo ndiyo inayozifanya seli zake ziathiriwe upesi na dawa kama saiklofosfamidi, na watoto wengi wanaowahi hospitali na kumaliza matibabu hupona kabisa.