Mshale Unaotikisa Mkia

Upinde ni mzuri. Mshale ni mpya. Mtu analenga, anaachia, na mshale unakwenda huku mkia wake ukipanda na kushuka. Unapita juu ya shabaha, au unaifikia ukiwa hauna nguvu. Mpigaji analaumu jicho lake. Mara nyingi kosa haliko jichoni. Liko kwenye ugwe, yaani kamba ya upinde.

Kwa Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, jambo hili si mchezo. Mshale unaoyumba hupoteza nguvu njiani. Mnyama hukimbia na jeraha, na nyumbani watu wanangoja nyama. Kwa hiyo mwindaji huupasha moto uti wa mshale, huushika kwa meno na kuukunja polepole mpaka unyooke. Mkiani hufunga manyoya ya ndege kwa kano za mnyama. Manyoya huushika upepo, na mkia hufuata kichwa.

Lakini hata mshale ulionyooka utayumba ukiwekwa mahali pabaya kwenye ugwe. Mkia ukae juu kidogo kuliko mkono unaobeba mshale, kama unene wa kalamu. Mkono uliozoea hupajua mahali hapo. Wewe unayejifunza, funga uzi kwenye ugwe uwe alama.

Sasa pima. Wapiga mishale wa mashindano hutumia karatasi, nawe unaweza kutumia gazeti hili ukishalisoma. Litandaze kwenye fremu ya miti. Nyuma yake weka mzigo mkubwa wa majani makavu, na hakikisha hakuna mtu wala mifugo upande ule. Simama hatua mbili. Piga mshale usio na manyoya, kwa sababu manyoya huficha kosa.

Tazama tundu. Kichwa hutoboa duara, mkia huchana mstari. Mstari ukipanda juu ya duara, mkia ulikuwa juu: shusha alama. Ukishuka chini, pandisha. Sogeza kidogo tu, upana wa kijiti cha kiberiti, kisha piga tena. Usiamini tundu moja. Piga mara tatu.

Je, mstari ukienda pembeni? Hapo tazama uti. Mshale ukiachiwa hujipinda kama samaki anayeogelea, ndipo unyooke. Ukiwa unavuta kwa mkono wa kulia, na mshale uko kushoto kwa upinde, mstari wa kulia unaonyesha kuwa uti ni mgumu mno kwa upinde huo. Uparue kidogo. Mstari wa kushoto unaonyesha uti dhaifu. Hapo tafuta mnene zaidi. Ndiyo sababu mshale wa jirani, hata ukiwa mzuri sana kwake, unaweza kukuaibisha wewe.

Usivute upinde na kuuachia bila mshale. Nguvu yote hurudi kwenye mti, na upinde unaweza kupasuka mkononi. Kuwinda nako kuna sheria zake: muulize kwanza afisa wanyamapori. Kulenga shabaha kunatosha kukufundisha.

Ugwe wa kano ukilowa hulegea. Baada ya mvua, uache ukauke, ukaze, kisha rudi kwenye karatasi.